Shemeji Yangu, Mlizaji wa Mtaa

Shemeji yangu hajui lugha yoyote ya kigeni, na kazi yake ni kutafsiri filamu za kigeni. Naanza na hilo kwa sababu mgeni akifika mtaani kwetu anaelezwa habari za mtu huyu kana kwamba ni profesa, na mimi niliyekula naye meza moja miaka mingi naona ni haki ya kila mtu kujua ukweli mapema. Kiswahili ndicho anachokijua. Hicho anakijua kuliko watu wote ninaowafahamu, isipokuwa akiwa nyumbani kwake.

Watu wanamwita Tafsiri. Anaketi juu ya kreti la soda pembeni ya skrini, katika ukumbi wa video ulio mkabala na kibaraza changu. Mkono wa kulia umeshika kipaza sauti, wa kushoto uko kwenye kitufe cha sauti ya filamu. Mwigizaji akifungua mdomo, shemeji anaizima sauti yake na kuweka ya kwake. Mwigizaji akifumba mdomo, anairudisha, watu wapate kusikia muziki na risasi. Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa stoo ya saruji. Madirisha yamezibwa kwa magunia, na juu ya mlango, kwa nje, kuna spika kubwa inayomwaga kila neno barabarani ili kuvuta wateja. Mimi ni fundi cherehani, na kibaraza changu kinatazamana na spika hiyo. Kwa hiyo filamu zote za ukumbi ule nimezisikia bila kuona hata picha moja, na nguo nyingi za mtaa huu zimeshonwa huku kuna mtu anauawa.

Kabla ya hapo alikuwa anauza dawa ya panya, mende na kunguni. Alizunguka sokoni na spika begani akieleza dawa inavyofanya kazi. Wenzake walisema inaua, wakaishia hapo. Yeye alieleza mende anavyoanza kuishiwa nguvu miguuni, anavyojikokota hadi chini ya kabati, anavyowaita wanawe na kuwausia wasipigane. Wanawake walinunua dawa huku wanamwonea mende huruma. Siku moja alipita mwenye ukumbi wa video, ambaye mtafsiri wake alikuwa amehamia mji mwingine. Alisimama akasikiliza kifo cha mende mpaka mwisho, akamchukua shemeji palepale, dawa na yote.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Asubuhi anaitazama filamu peke yake, bila sauti, huku anatafuna karanga, na kuamua wale watu wanasema nini. Kila filamu kwake ina Mabega, ambaye ndiye shujaa, ina Dada Upole, ambaye ndiye anayependwa, na ina Kipara, ambaye ni adui hata akiwa na nywele. Wakati mmoja walionyesha ndugu wawili wakisemezana kwa uchungu karibu na gari, na shemeji akaeleza kwamba wanagombea radhi ya baba yao aliye mahututi. Baharia mstaafu anayeijua lugha ile aliniambia walikuwa wanaulizana nani aliyeharibu breki. Ukumbi mzima ulikuwa umelia.

Anayelia kuliko wote ni mwenye bucha. Huyu ni pande la mtu. Asubuhi anachinja mbuzi huku anapiga mluzi. Alasiri anafunga duka, ananawa, anakaa benchi la mbele, na farasi wa kwenye skrini akichechemea kidogo tu, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola. Siku moja alileta suruali nimpanulie kiuno, nikaona nimwulize.

"Wewe, mbuzi hawakutii huruma?"

"Mbuzi haongei, dada."

"Na farasi je?"

"Yule farasi Tafsiri alimpa maneno," alisema, na macho yakaanza kumlengalenga palepale kibarazani kwangu. Nilimpa kipande cha bitana ajifutie.

Mimi sikuwa mtu wa mambo hayo. Niliona ni uvivu. Mtu mzima ana misiba yake nyumbani hajaimaliza, anajifungia gizani kuomboleza ya watu asiowajua, tena hata hicho wanachokisema si wanachokisema. Nilikuwa nawaambia hivyo wazi wakija kupima nguo, na wao walikuwa wananihurumia.

Kuna filamu moja Mabega alikufa. Alikufa kabisa. Alipigwa risasi, akafunikwa, akazikwa, na Dada Upole akatupa ua kaburini. Watu walikataa. Sisemi walihuzunika, nasema walikataa. Mwenye bucha alisimama mbele ya skrini akasema hatoki mpaka apewe maelezo, na mwenye ukumbi akaanza kuhofia benchi zake. Kesho yake filamu ileile ilirudiwa, na spika ikatangaza kwamba aliyezikwa ni binamu wa Mabega, mtu mbaya aliyefanana naye sana, na kwamba Mabega mwenyewe amepelekwa ng'ambo kutibiwa, anaendelea vizuri na anawasalimu. Dada Upole akalia kaburini kwa furaha. Watu walitoka wanapeana mikono, na mwenye bucha, kwa jinsi moyo ulivyomlainika, alinigawia maini.

Sasa mtu huyo mfuate nyumbani. Nyumba yao iko nyuma ya kibaraza changu, ua ni mmoja na bomba ni moja, wala hakuna kinachonipita. Anaingia, anavua viatu, anakaa. "Chai," anasema. Chai ikija, anasema, "Sukari." Akishashiba anasema, "Taa," maana yake izimwe. Ukumbini Mabega amemwita Dada Upole ua lake, pumzi yake na dirisha lake la asubuhi. Dada yangu, mke wa ndoa, anaitwa "nanii" tangu alipoolewa, na siku shemeji akiwa na furaha anaitwa "sikia".

Dada si mtu wa kulalamika. Ni mpole mpaka anakera. Nilikuwa nikimwambia, "Dada, huyu bwana wako maneno yote anayamalizia kazini," yeye ananijibu, "Na mpishi wa hoteli akirudi kwake hapiki." Anasema hivyo huku anamchomea mtu huyo mkate.

Mama yetu alipofariki, shemeji alimwambia dada, "Pole." Baada ya muda akauliza shati lake la kijani liko wapi. Nilikuwepo, na nilitamani kumrushia pasi. Wiki chache baadaye nilikuwa napindia sketi za shule, spika inaendelea na kelele zake, nikamsikia Dada Upole akisema (shemeji anazo sauti zote, za wanawake na za watoto):

"Shuka la mama silifui. Nikilifua, harufu yake itaondoka, nami nitabaki na shuka tu."

Mguu wangu ukasimama kwenye cherehani. Maneno hayo aliyasema dada yangu. Aliyasema jikoni, aliniambia mimi, shemeji akiwa kwenye kochi amejifunika gazeti usoni, nasi tukidhani amelala. Ndani ya ukumbi watu walikuwa wanalia kwa kwikwi. Mwenye bucha ilibidi atolewe nje apunge upepo.

Nilivuka ua nikiwa nimewaka. Nikamwambia dada kwamba mume wake ni mwizi, kwamba sisi amekosa neno la kutupa msibani halafu msiba wetu ameuchukua akauuza kwa tiketi. Dada alikuwa anakoroga uji. Aliendelea kukoroga mpaka nikamaliza yote niliyokuwa nayo.

"Aliyasema vizuri?" akaniuliza.

"Nini?"

"Hayo ya shuka. Aliyasema vizuri?"

Nikasema ndiyo, kwa bahati mbaya aliyasema vizuri sana.

"Kumbe alisikia," akasema dada, na uso wake ukawa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu mama alipokuwa hai. Ilinikera mpaka nikaondoka bila kunywa uji.

Kuanzia hapo akawa anakwenda ukumbini kwa siri. Anajitanda mtandio mpaka puani, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na filamu ikikaribia kwisha anatoka mbio awahi kuinjika chai. Shemeji pale mbele anamulikwa na skrini, haoni nyuma. Hapo ndipo dada yangu alipoanza kupata habari za mtu anayelala naye kitanda kimoja. Kwa kinywa cha Kipara alijua kwamba tumbo linamsumbua. Kwa kinywa cha mzee mmoja kwenye mashua alijua kwamba anamkumbuka mtoto wao aliyehamia mji mwingine kikazi, na kwamba anaogopa simu ikilia mapema. Anarudi, anakuja kibarazani, ananieleza yote haya kwa kunong'ona kana kwamba ametoka kwa mchumba.

Siku moja alirudi anang'aa. Mabega alikuwa amemwambia Dada Upole hivi: "Asubuhi unaamka kabla yangu. Najifanya nimelala ili nikutazame unavyofunga kitambaa kichwani. Ukinigeukia, nafumba macho." Dada alipika chakula cha sikukuu siku ambayo haikuwa sikukuu. Alitoa kitambaa kipya, akakifunga mbele ya kioo, akakaa kwenye kiti akisubiri. Mimi nilijipa kazi ya kuanua nguo uani ili nisikie. Shemeji akaingia.

"Nani kaweka ndoo njiani?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Dada hakucheka. Ila kesho yake aliniambia kwamba asubuhi, wakati anafunga kitambaa, aligeuka ghafla. Macho ya mumewe yalikuwa yamefumbwa, lakini kope zilikuwa zinacheza.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo mpaka wazeeke, mmoja anasemea gizani na mwingine anasikilizia gizani. Lakini mtoto wao akapata mtoto. Alipiga simu akamwomba mama yake aende kumsaidia kulea, mkewe anarudi kazini. Si kwenda kutembea. Aende akae, chumba kipo tayari. "Na baba naye akitaka, aje," alisema. Shemeji alikuwa pale pale akasema yeye ana kazi, akatoka kwenda kuangalia bomba ambalo halikuwa na tatizo.

"Utakwenda?" nilimwuliza dada.

"Akiniambia nibaki, nabaki. Sitaki sababu, sitaki zawadi. Aseme neno hilo tu, niko mbele yake, ananitazama."

"Basi mwambie unataka aseme."

"Nikimwambia aseme, akasema, atakuwa amesema nani?"

Jioni ile ile dada alimtangazia mumewe kwamba Jumamosi anaondoka na basi la jioni. Nilikuwa mezani pamoja nao. Shemeji aliacha kutafuna. Alitazama sahani, akatazama mlango, akafungua mdomo, na mimi nikashika ukingo wa meza.

"Ukienda, acha ufunguo wa kabati," akasema.

Ijumaa nilimvaa. Nilimkuta uani anapiga mswaki, nikamsimamia.

"Shemeji, mke wako anaondoka."

"Nimesikia."

"Unataka aende?"

"Hapana."

"Sasa si umwambie!"

"Anajua mwenyewe."

"Anajua nini? Ameambiwa na nani?"

Alisimama na mswaki mdomoni, povu linamshuka kidevuni, na nilimwona anatokwa na jasho. Mtu aliyempa mende wosia. Nilidhani najua kudharau watu, lakini pale nilishindwa hata kumtukana, nikamwonea huruma, na hilo likanikasirisha zaidi.

Jumamosi dada alileta mkoba wake, akauweka chini ya meza yangu ya kukatia. Basi lilikuwa bado. Upande wa pili wa barabara spika ilikuwa inawaita watu wa filamu ya alasiri.

"Twende wote," akaniambia. Alikuwa anatafuta mlango wa mwisho wa kumtokea mumewe, na hakuwa na mwingine. Nikafunika cherehani. Ndani palikuwa pamejaa, kunanuka jasho na karanga. Dada alisimama nyuma kabisa, mtandio puani. Mimi nilisukumwa mpaka benchi la katikati, nikabanwa kati ya watu ambao walishaanza kuandaa leso.

Picha ilikuwa ya Mabega na zizi la farasi. Nilikuwa nasikia sauti hizi tangu zamani, lakini hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona shemeji akizitoa. Aliinama mbele, shingo imemvimba, mabega yakipanda na kushuka pamoja na ya mwigizaji. Nyumbani hakai hivyo. Kisha Dada Upole akaingia zizini na mkoba mkononi. Kwa kweli nadhani mkoba ule ulikuwa na dawa ya farasi, maana baadaye alitoa sindano. Lakini shemeji alikuwa ameuona mkoba mwingine asubuhi ile, mlangoni kwake.

"Naondoka," Dada Upole akasema. "Nyumba hii nimeishi na maneno matatu. Chai, sukari, taa."

Ukumbi ukacheka. Mimi nilihisi damu inanipanda kichwani. Kumbe alikuwa anajua. Siku zote alikuwa anajua, tena kwa hesabu yake mwenyewe.

Mabega akageuka polepole, akamshika farasi sikio. "Ukienda, acha ufunguo wa kabati."

Watu walikufa kwa kicheko. Mwenye bucha akapiga paja. "Safi kabisa! Mwache aende! Mwanamke hana shukrani huyo!" Na mwanamke mmoja jirani yangu, ambaye mume wake namjua, akasema kwa nguvu, "Aende tu, atarudi mwenyewe."

Nyuma, dada yangu alivua mtandio.

"Bwana Mabega!" aliita.

Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Hata mama alipokufa hakupaza. Watu waligeuza shingo, kisha wakarudi kutazama skrini, kwa sababu pale ndipo walipotegemea jibu litoke. Shemeji alikuwa ameganda na kipaza sauti mdomoni. Mabega alifungua mdomo, kwa bahati, akinywa maji ya ndoo.

"Naam," alisema Mabega huku anameza.

"Kwa nini humwambii abaki?"

"Anajua mwenyewe."

"Amejuaje? Anasoma mawazo?"

"Hata akiondoka atajua."

"Akiondoka atajua kitu kimoja tu, kwamba hakuzuiwa!"

Ukumbi ukapasuka kwa vifijo. Walidhani ni mtindo mpya. Mwenye ukumbi alichungulia kupitia pazia, akaona watu walivyosisimka, akaacha iendelee. Mtu mmoja akasema kumbe siku hizi wanatafsiri wawili wawili, kama redioni. Filamu haikuwasubiri. Zizi likapita, wakaonyesha mzee aliyekaa na mbwa kwenye ngazi, hakuna mwingine, na ugomvi ukaendelea kwa kumtumia mzee na mbwa.

"Miaka yote hii umenisikiliza," alisema dada yangu, na mbwa akapiga mwayo. "Umesikia habari za shuka. Umenitazama nikifunga kitambaa. Mbona haya nayapata hapa, na watu wengine?"

"Hapa kuna giza," akasema mzee.

"Na mimi je, nikitaka mchana?"

Mbwa akaondoka. Mwenye bucha alikuwa ameshaanza kulia, hajui anamlilia nani.

"Weka hicho kitu chini," dada alisema, safari hii taratibu. "Niambie mimi. Mimi mwenyewe."

Shemeji akakiweka kipaza sauti juu ya kreti. Akasimama. Mwanga wa skrini ulimpiga ubavuni, na watu wengi nadhani ndipo walipogundua kwamba ni mfupi. Alimtazama dada yangu moja kwa moja, kupitia vichwa vyote vile. Sikumbuki kumwona akimtazama hivyo. Midomo yake ikaanza kutikisika. Alikuwa anasema. Naapa alikuwa anasema, nilimwona, neno la kwanza lilishatoka na la pili lilikuwa njiani, lakini hata mimi niliyekuwa katikati sikusikia kitu, kwa sababu sauti yake yenyewe, isiyo ya Mabega wala ya Kipara, kumbe ni ndogo sana.

"Sauti!" akapiga kelele mwenye bucha kutoka mbele.

"Hatusikii huku!" wakadakia wa nyuma. "Sauti bwana! Sauti!"

Wakaanza kupiga benchi kwa viganja. Shemeji aliyumba kidogo. Alimtazama mkewe, akawatazama wateja wake, na mkono wa kulia, ule wa kazi, ukashuka wenyewe ukaokota kipaza sauti.

"Nikiamka nikakuta upande wako wa kitanda umepoa," alisema, na sasa ilikuwa sauti ya Mabega, nzito, iliyojaa ukumbi mzima, "huwa naogopa. Nalala macho mpaka nisikie sufuria jikoni. Nikisikia sufuria, najua bado nina mtu. Hapo ndipo nadai chai, nisije nikadai kitu kingine nikalia. Sijui kusema nawe. Kila ninachokisema hapa nakisema na wewe. Hawa wamekaa tu katikati. Usiende. Nyumba ile bila wewe ni stoo. Baki."

Nililia. Nasema wazi, maana walioniona ni wengi. Nililia kwa sauti, kamasi na yote, nikachukua leso ya yule mwanamke jirani yangu bila kumwomba, naye alikuwa ameniegemea begani. Mwenye bucha alikuwa amepiga magoti. Hata mwenye ukumbi alikuwa anajifuta kwa pazia. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia kwa muda mrefu, na nikageuka nyuma nimwone dada yangu, nione furaha yake.

Hakuwepo.

Nilisukuma watu mpaka nje. Jua liliniumiza macho. Chini ya spika walikuwa wamesimama muuza mkaa, mpiga viatu rangi na vijana wa pikipiki, wote wametazama juu, na muuza mkaa machozi yalikuwa yamemchora mistari kwenye vumbi la mashavu. Dada alikuwa kibarazani kwangu, ameinama, anavuta mkoba kutoka chini ya meza.

"Dada! Umesikia? Amesema! Amesema ubaki!"

"Nimesikia. Nilikuwa pale chini ya spika."

"Sasa?"

Alikung'uta vipande vya nyuzi kwenye mkoba. Macho yake yalikuwa makavu. "Ni maneno mazuri," akasema. "Sijawahi kusikia mazuri kama yale. Hata muuza mkaa amelia."

"Basi rudi ndani."

"Yale ya kwanza, aliyoyasema kabla hajakiokota kile kitu. Wewe uliyasikia?"

"Hapana."

"Na mimi sikuyasikia," akasema dada. "Yale ndiyo yalikuwa yangu."

Alisubiri. Nadhani alimpa nafasi ya kutoka kwenye ule mlango, mikono mitupu, avuke barabara. Alifunga kitambaa chake upya, taratibu, ameelekea ukumbini. Mlango haukufunguka. Ndani walikuwa wanapiga makofi na miguu. Nikashika mkoba upande mmoja, yeye akashika mwingine, tukaanza kwenda kituoni. Hatujafika mbali tukawasikia wanapiga kelele, "Rudia! Rudia!" naye akarudia, tangu kitanda mpaka stoo, bila kuacha hata neno.